Wasiwasi Usiosikilizwa: Magonjwa ya Mlipuko na Mahangaiko ya Watu katika Kongo

Alhamisi tarehe 26 Machi 2020, gavana wa jiji la Kinshasa alitangaza kwamba kuanzia Jumamosi inayofuata wakaaji wote wa jiji watabaki majumbani kwa zamu: siku nne ndani, siku mbili nje, kwa muda wa majuma matatu. Wakati huo wagonjwa wa Korona waliothibitishwa katika nchi nzima walikuwa hawajafika mia moja. Hata hivyo, kabla jua la kesho yake halijatua, masoko yalikuwa yamejaa watu wenye kutafuta vyakula vya akiba, na bei zilikuwa zimepanda kwa namna ambayo mwenye mshahara mdogo hakuweza kuifuata. Jioni ya Ijumaa gavana yuleyule aliahirisha amri yake, akitaja kupanda huko kwa bei miongoni mwa sababu. Katika siku ile moja ugonjwa haukuwa umezidi wala kupungua, lakini jiji zima lilikuwa limefadhaika.

Sisi tunaokaa mashariki ya nchi tulizisikia habari hizo redioni, na wengi wetu tulisema kwa haraka: wanaogopa Korona. Leo, miaka imepita na roho zimetulia, yafaa tuulize tena swali lile kwa makini zaidi. Watu wale waliogopa nini hasa? Mama anayeuza mboga asubuhi ili apate chakula cha jioni hakuwa akiwaza juu ya mapafu yake. Alikuwa akiwaza juu ya sufuria. Wasiwasi wake ulikuwa na jina, nalo jina lile lilikuwa njaa.

Katika maandishi haya tunataka kutofautisha mambo mawili ambayo mara nyingi tunayachanganya. Wasiwasi ni fikira yenye kitu mbele yake: nitakula nini, nani atamzika mzazi wangu, sindano hii ina nini ndani yake. Mahangaiko ni hali ya moyo uliopotewa na kitu hicho, ukaogopa kila kitu: jirani anayekohoa, gari la wagonjwa, mgeni, hata habari njema. Wasiwasi unaweza kujibiwa. Mahangaiko hayajibiwi kwa neno moja, kwa maana hayaulizi swali moja. Historia ya nchi yetu yaonyesha kwamba mahangaiko ya umma hayafuati hesabu ya wagonjwa. Hukua pale ambapo wasiwasi mbalimbali za watu zimerundikana bila mtu wa kuzisikiliza.

Tuanze mbali. Mwanzoni mwa karne ya 20, ugonjwa wa malale, ambao wengi kwetu huuita ugonjwa wa usingizi, ulikuwa ukiua watu wengi kando ya mito ya Kongo. Mwaka 1903 mfalme Leopold II aliwaita wataalamu wa Shule ya Magonjwa ya Nchi za Joto ya Liverpool waje kuuchunguza. Mmoja wao, Joseph Everett Dutton, hakurudi kwao: alifariki Kasongo, katika Maniema, Februari 1905, kwa homa aliyoambukizwa safarini. Nia ya wataalamu wale ilikuwa kuuzuia ugonjwa, na hatuwezi kuidharau. Lakini njia iliyofuatwa baadaye na utawala ilikuwa ya nguvu. Watu walipangwa mistari, shingo zikapapaswa kutafuta tezi zilizovimba, na aliyedhaniwa kuwa mgonjwa akapelekwa katika lazareti, mbali na jamaa zake. Humo dawa ilikuwa Atoxyl, yenye arseniki ndani yake, ambayo iliwasaidia baadhi na kuwapofusha wengine macho. Baadaye hata kusafiri kulihitaji cheti cha afya.

Tujaribu kusimama mahali pa mwanakijiji wa wakati ule. Ameona utawala uliowalazimisha baba zake kukusanya mpira wa msituni. Sasa utawala uleule wamjia kwa jina la afya, wamshika shingo, na kumchukua ndugu yake, ambaye asiporudi haonekani hata maiti, na akirudi huenda arudi kipofu. Mtu huyo alikimbilia msituni. Waliomfukuza waliandika kwamba ni mjinga aogopaye tiba. Sisi tunaona kwamba alikuwa na maswali matatu ya haki: mnampeleka wapi, mtamfanya nini, atarudi lini? Kwa kuwa hayakujibiwa, yakageuka kuwa hofu ya kila mtu mwenye koti jeupe, nayo hofu hiyo ikarithiwa na watoto ambao hawakuona lazareti kamwe.

Tukivuka miaka sabini, tunafika Yambuku, katika jimbo la Équateur la wakati ule, mwaka 1976. Hapo palikuwa na hospitali ya misheni iliyotunzwa na masista kutoka Ubelgiji. Mwishoni mwa Agosti alifika mwalimu mmoja wa shule mwenye homa, akachomwa sindano ya klorokini kwa kudhaniwa kuwa na malaria. Baada ya siku chache wakaanza kufa yeye, jamaa zake, na watu waliopita katika hospitali ileile. Ugonjwa haukuwa na jina bado; baadaye ukaitwa Ebola, kwa jina la mto wa upande ule. Kati ya wagonjwa 318 walikufa 280.

Wataalamu walipofika Oktoba, waliwakuta masista waliobaki hai wakiwa wamezungusha kamba mbele ya nyumba yao, pamoja na tangazo la kuwaonya watu wasivuke, maana atakayevuka aweza kufa. Walikuwa wamesoma kwamba wakati wa tauni yafaa kuweka uzio wa afya, nao wakauweka kama walivyouelewa. Wanawake wale walikuwa wamewazika wenzao, nao walingoja zamu yao. Hatuwacheki. Kamba ile ni picha ya moyo wa mwanadamu asiyejua adui yake yuko upande gani.

Lakini Yambuku ina fundisho lingine gumu zaidi. Watu wa vijijini waliacha kwenda hospitalini, na wazee wa vijiji kadhaa wakafunga njia wasipite wageni, kama walivyofanya wazazi wao wakati wa ndui. Kwa macho ya mgeni huo ungeweza kuonekana kuwa woga tu. Uchunguzi ulionyesha kwamba kila asubuhi sindano tano zilitolewa kwa ajili ya wagonjwa wote wa nje, zikatumika kutoka mkono hadi mkono bila kuchemshwa ipasavyo. Na kwa njia hiyo hospitali yenyewe ilikuwa imegeuka mlango wa ugonjwa. Kati ya watumishi wake 17 walikufa 11, ikafungwa tarehe 30 Septemba, na tangu hapo mlipuko ukaanza kupungua. Basi waliokimbia walikuwa na wasiwasi wa kweli. Hawakujua virusi ni nini, ila waliona kwa macho yao ni akina nani wanaokufa na walikuwa wametoka wapi. Tangu siku hiyo hakuna aliye na haki ya kusema kwamba hofu ya watu wa kawaida daima ni ujinga. Mara nyingine ni maarifa ambayo bado hayajapata lugha ya kitaalamu.

Mwaka 1995 ilikuwa zamu ya Kikwit, mji mkubwa wa Bandundu. Wagonjwa walikuwa 315, na walio wengi sana kati yao wakafariki. Masista sita wa Italia, wa shirika la Maskini wa Bergamo, waliuguza hadi wakaambukizwa, wakafa mmoja baada ya mwingine kati ya Aprili na Mei. Serikali iliifunga barabara iendayo Kinshasa. Huko mji mkuu watu waliogopa mambo mawili kwa pamoja: kwamba Ebola itafika, na kwamba mihogo na mahindi ya Bandundu hayatafika. Hata wakati ule, miaka 25 kabla ya tangazo la Machi 2020, sufuria na kaburi vilikaa katika wazo moja.

Katika Kikwit lilitokea pia jambo la kutia moyo. Baadhi ya waliopona walikubali kutoa damu yao, nayo ikaongezwa kwa wagonjwa wanane chini ya uongozi wa Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake. Saba kati yao walipona. Miaka mingi baadaye, kutokana na damu ya mtu mmoja aliyepona Kikwit, wataalamu walipata kingamwili iliyogeuzwa kuwa dawa, na dawa hiyo ikaponya watu huko kwetu Kivu. Hivyo aliyekuwa ameogopwa na jirani zake mwaka 1995 alikuwa amebeba mishipani mwake tiba ya watoto wa mwaka 2019.

Sasa tunafika nyumbani. Tarehe 1 Agosti 2018 mlipuko wa kumi wa Ebola katika nchi yetu ulitangazwa Mangina, karibu na Beni, ukaenea Butembo, Katwa, Mabalako na hadi Ituri. Ulidumu hadi tarehe 25 Juni 2020, wagonjwa 3.470, waliofariki 2.287. Safari hii kulikuwa na chanjo, na watu zaidi ya 300.000 walichanjwa. Kulikuwa na madaktari, magari, maabara na fedha. Kwa nini basi ilichukua karibu miaka miwili?

Jibu halipatikani katika virusi peke yake. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni walikuwa wakichinjwa mashambani na majumbani mwao, nao walilia bila kuona dunia ikija. Ebola ilipofika, dunia ilikuja kwa ndege. Mwenye kufiwa na watoto kwa panga aliuliza: mlikuwa wapi? Na kwa nini damu hii yawahangaisha kuliko ile? Mwezi wa Septemba 2018 watafiti waliwahoji watu wazima 961 katika Beni na Butembo. Robo moja na zaidi kidogo walisema hawaamini kwamba Ebola ipo, na walioamini kwamba wakubwa wa mahali wanatafuta faida ya raia hawakufika theluthi moja. Hesabu hizi mbili hazitenganiki. Mtu hawezi kuliamini neno la yule ambaye hamwamini mwenyewe.

Mnamo Desemba mwaka uleule uchaguzi wa rais uliahirishwa katika Beni na Butembo hadi Machi 2019, na Ebola ikatajwa kuwa sababu pamoja na usalama, ingawa masoko, shule na makanisa yalikuwa wazi. Tarehe 30 Desemba watu wa Beni walijipanga mistari, wakanawa mikono, wakapiga kura ya mfano kwa kuonyesha kwamba wanajua kujilinda na wanajua kuchagua. Tangu hapo wasiwasi mpya uliungana na ule wa kwanza: je, ugonjwa huu ni chombo cha siasa? Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto. Tarehe 19 Aprili daktari Richard Mouzoko, raia wa Kameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi Butembo akiwa kazini. Hakuna uchungu wa raia unaohalalisha damu ya mtu aliyekuja kuponya. Tunalisema hili bila kusitasita. Lakini ni kweli pia kwamba wauaji hujificha vizuri zaidi katika mji ambao watu wake wote wamehangaika.

Katika mwaka huohuo wa 2019 surua iliwaua watu zaidi ya 6.000 katika nchi yetu, wengi wao watoto wadogo, nayo haikuletewa magari wala kelele nyingi. Wazazi waliokuwa wakizika watoto wa surua walizidi kuuliza ni kwa nini ugonjwa mmoja una fedha na mwingine hauna. Swali lile lilikuwa la haki, na waliouliza hawakustahili kuitwa wapinzani wa afya.

Ni lini basi hali ilianza kubadilika? Mambo kadhaa yalitokea, na yote yanafanana. Watu walikuwa wameogopa mifuko ya maiti iliyofungwa, wakisema kwamba wafu wao wanakatwa viungo. Pakaletwa mifuko yenye sehemu ya kuonea, ili jamaa amwone mpendwa wake kabla ya udongo. Watu walikuwa wameogopa vyumba ambamo mgonjwa huingia na asionekane tena. Pakajengwa vyumba vya plastiki angavu, mama akaweza kumtazama mwanawe na kusema naye. Waliopona, ambao mwili wao umekwisha kupata kinga, waliajiriwa kuwabeba watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wakiuguzwa. Wajitolea wa Msalaba Mwekundu walipita nyumba kwa nyumba wakiandika maneno ya watu: maswali, lawama, hata matusi. Kila moja la matendo haya lilijibu wasiwasi mmoja wenye jina. Hakuna lililoyaondoa mahangaiko yote kwa mara moja. Yalipungua kwa kadiri maswali yalivyopata majibu.

Korona ilipoingia Kinshasa tarehe 10 Machi 2020, tungetazamia kwamba fundisho hilo limekwisha kujulikana. Tarehe 18 Machi Rais Félix Tshisekedi alisimamisha mikutano, masomo na ibada za hadhara. Matanga yakakatazwa majumbani na katika kumbi, na maiti ikatakiwa kutolewa chumba cha maiti moja kwa moja hadi kaburini, pamoja na watu wachache tu. Amri hizo zilikuwa na msingi wa afya. Lakini kwetu kumkesha mfu ni deni, na anayezikwa bila kukeshewa huwaacha walio hai na mzigo usiopimwa na kipima joto. Pasaka ya tarehe 12 Aprili tuliiadhimisha kwa redio. Makanisa hayakufunguliwa hadi tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria. Miezi ile yote, mahali ambapo tungeweza kusimulia wasiwasi wetu na kulia pamoja palikuwa pamefungwa, wakati wasiwasi wenyewe ulikuwa ukiongezeka.

Kisha zikaja habari za chanjo. Mwanzoni mwa Aprili 2020 madaktari wawili wa Ufaransa walizungumza katika televisheni juu ya kuijaribu tiba Afrika kwanza, na siku chache baadaye Profesa Muyembe akasema kwamba Kongo iko tayari kushiriki majaribio ya chanjo. Alieleza baadaye kwamba hakuna jaribio litakaloanza hapa kabla ya kufanywa kwingine, lakini neno lilikuwa limekwisha kuruka. Waliopiga kelele hawakuwa wamesoma historia ya Atoxyl. Hata hivyo walizungumza kana kwamba wameisoma. Dozi 1.700.000 zilipofika Machi 2021, chanjo ilichelewa kuanza hadi Aprili, na zaidi ya 1.300.000 zikarudishwa ili zitumike katika nchi nyingine kabla hazijaharibika. Hofu ya mwaka 1910 ilikuwa bado imeshika mlango.

Ndugu wasomaji, hatuandiki haya ili kuwahukumu wakubwa peke yao. Sisi walei tulikuwa na sehemu yetu. Simu zetu zilipokea sauti za watu tusiowajua, zikitangaza vifo ambavyo havikutokea na dawa ambazo haziponyi, nasi tulizipeleka mbele kabla ya kuuliza. Aliporudi jirani aliyepona Ebola akiwa na cheti mkononi, wapo kati yetu waliokwepa kununua ndizi zake sokoni. Katika jumuiya zetu tulisali dhidi ya ugonjwa, na tulifanya vema. Ila ni mara chache tuliketi na mtu mmoja na kumwuliza: wewe hasa unaogopa nini? Tungeuliza, wengine wangejibu kwamba wanaogopa kufukuzwa katika nyumba ya kupanga, wengine kwamba dawa za kisukari zitakosekana, wengine kwamba mzee atakufa kijijini na njia imefungwa. Baadhi ya hayo tungeweza kuyasaidia kwa mfuko wa mchango wetu mdogo. Mengine tungeyabeba kwa kuyasikiliza tu.

Magonjwa hayajamalizika. Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza tena hatari ya kimataifa, safari hii kwa sababu ya mpoksi, ambao aina yake mpya ilitambuliwa kwanza Kamituga, katika Kivu ya Kusini, kati ya wachimba dhahabu na wanawake wanaofanya biashara ya ngono. Kwa hiyo swali hili si la makumbusho. Utakapokuja ugonjwa mwingine, tutahesabu wagonjwa, kama inavyopasa. Tuhesabu pia maswali. Katika kila jumuiya hai ya msingi apatikane mtu mmoja wa kuandika katika daftari yale ambayo watu wanayaogopa, kwa maneno yao wenyewe, na mwingine wa kuyapeleka kituo cha afya na kuleta jibu juma linalofuata, hata kama jibu ni kwamba bado haijulikani. Mwanakijiji aliyekimbia lazareti alikuwa na maswali matatu tu. Hakuna aliyeyaandika, nasi tungali tunayalipia.